Hana Alijuaje Kipimo?

Somo: 1 Samweli 2:18–21



Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani nikisubiri suruali yangu ibadilishwe zipu. Mnajua Desemba ilivyo kwa mafundi. Sketi za marinda za bluu zimening'inia mpaka ukuta hauonekani, mashati meupe yamerundikwa mezani, na cherehani hailali. Akaingia mama mmoja na kitambaa kwenye mfuko. "Fundi, nishonee sketi. Mtoto anaingia la kwanza."

Fundi akavuta futi iliyokuwa shingoni mwake. Akatazama nyuma ya yule mama, akatazama mlangoni. "Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani. Wewe shona tu ya miaka sita."

Fundi akairudisha futi shingoni. "Mama, mimi sishoni miaka, nashona mtoto. Kamlete."

Ndugu zangu, nilitoka pale na suruali mkononi na mahubiri kichwani. Kwa maana mwezi huu wengi wetu tunashona miaka. Tunanunua begi la miaka sita, viatu vya miaka sita, madaftari ya miaka sita, na mtoto mwenyewe hatujamtazama vizuri tangu shule zifungwe!

Mama aliyebeba kanzu

Hana mnamfahamu. Mke wa Elkana, aliyechokozwa na mke mwenzake Penina kwa kukosa mtoto mpaka chakula kikamshinda. Aliomba kule Shilo midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu akampa mwana, akamwita Samweli, na alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo amtumikie Mungu, kama alivyoahidi. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Tunapiga makofi, tunasema amina, tunafunga Biblia.

Mwandishi wa kitabu hakufunga. Sura ya pili anatuonyesha jambo dogo ambalo macho ya haraka huliruka. Kila mwaka, Hana alipopanda na mumewe kwenda kutoa dhabihu, alikuwa amebeba kanzu ndogo aliyomtengenezea mwanawe. Mwaka huu kanzu, mwaka ujao kanzu, na mwaka unaofuata kanzu nyingine.

Sasa nijibuni. Mtoto yuko Shilo, mama yuko Rama. Hamwoni akila, hamwoni akilala. Miezi 12 imepita, na mtoto wa umri ule hukua kama mhindi wa masika. Hana alijuaje kipimo?

Maandiko yamenyamaza, lakini aliyelea mtoto anajua. Alipokuwa akimvika kanzu ya mwaka huu, macho yake yalikuwa yakitazama mikono imefika wapi na mabega yamejaa kiasi gani, akaondoka Shilo na kipimo cha mwaka ujao moyoni. Na akiwa Rama, akipita mtoto wa jirani aliye rika la Samweli, namwona akimwita: "Hebu njoo, mwanangu. Geuka nikuone." Kabla mkasi haujagusa kitambaa, Hana alikuwa ameshampima mwanawe kwa macho, kwa kumbukumbu na kwa maombi.

Hilo ndilo neno langu leo, wala sina la pili. Mpime mtoto kabla hujamshonea! Hana alipima kwa kukisia, kutoka mji mwingine. Wewe unalala naye nyumba moja, mnakula sinia moja. Utajitetea kwa lipi?

Najua yuko atakayesema, "Mchungaji, mbona hata Hana alimpeleka mwanawe bweni?" Hana alikuwa na nadhiri, ndugu yangu. Wewe una nadhiri gani? Mwaka 2023 Serikali yetu ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili watoto wa umri huo wakue karibu na wazazi wao. Usitafute kwa Hana ruhusa ya kumtua mtoto kama mzigo. Mama yule hakuutua mzigo hata siku moja. Aliubeba kila mwaka, umekunjwa vizuri, chini ya kwapa.

Mguu uliokataa maji

Kabla sijawapima ninyi, nijipime mwenyewe. Mwaka ambao kijana wangu wa kwanza alianza shule, nilikwenda Kariakoo peke yangu kumnunulia viatu. Vyeusi, vya ngozi, vinang'aa. Nilivipima kwa kiganja changu, maana nilikumbuka mguu wake unafika hapa. Kumbe kumbukumbu ile ilikuwa ya Pasaka! Asubuhi ya kwanza nilimfunga kamba kwa mikono yangu, nikamwambia, "Baba amekununulia viatu vya wanaume." Akatabasamu, akaenda.

Wiki ya pili, jioni, mama yake akawa anamwogesha. Akaniita, na kwa sauti ile nilijua kuna jambo. Nikamkuta mtoto ametia mguu mmoja kwenye beseni, wa pili ameukunja, hataki uguse maji. Kisigino kilikuwa kimechubuka mpaka nyama inaonekana, lengelenge limepasuka juu ya lengelenge. Siku nane alikuwa akienda na kurudi hivyo.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

Akatazama maji. "Ulisema ni vya wanaume."

Wapendwa, mtoto mdogo yuko tayari kuumia kuliko kuiharibu furaha ya baba yake. Hatakwambia kiatu kinambana. Hatakwambia ubao hauoni, kwa sababu hajui kwamba wenzake wanauona. Ndiyo maana kazi ya kupima haikuwekwa mikononi mwake. Imewekwa mikononi mwako.

Basi msimamishe! Mvike viatu jioni, wakati miguu imechoka na kutanuka, uone kama mbele ya vidole panabaki nafasi ya unene wa kidole chako gumba. Avivae ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya safari ya kwanza. Mfunike jicho moja kwa kiganja, asome au ataje picha za kalenda iliyo ukutani, kisha jicho la pili. Akiwa amekupa mgongo, nong'ona jina lake. Wako watoto walioitwa wajinga miaka mitatu, kumbe hawaoni. Wako walioitwa wakaidi na kuchapwa kwa ukaidi, kumbe hawasikii. Ukiwa na shaka, mpeleke kituo cha afya sasa, likizo ingalipo. Na cheti cha kuzaliwa kitafute leo, usije ukapindua magodoro usiku wa mwisho.

Hata Mungu alisubiri mtoto alale

Tazameni sura ya tatu. Mungu ana ujumbe mzito, na amemchagua mtoto aupokee. Alimwita lini? Samweli alipokuwa amekwisha kulala. Mungu mwenyewe hakumkatisha mtoto jioni yake! Sisi ni akina nani, tunaowakesha watoto wetu mbele ya televisheni?

Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala muda wa saa 9 mpaka 12 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 mpaka 13, pamoja na usingizi wa mchana. Fanya hesabu hapo ulipo. Kama mtoto wako wa la kwanza anaamshwa saa 11 alfajiri, rudi nyuma saa 9. Umefika saa 2 usiku. Maana yake taarifa ya habari ya saa 2 imkute kitandani, na tamthilia inayofuata isimhusu kabisa. Na hicho ndicho kiwango cha chini!

Lakini Desemba tumewafungulia milango. Mtoto anaangukia kwenye kochi saa 5 usiku na biskuti mkononi. Krismasi mkesha, mwaka mpya mkesha, na katikati yake harusi ya shangazi. Kisha Jumatatu ya kufungua shule tunamvuta kitandani kama gunia la mkaa, tunampiga maji ya baridi, tunamwita mvivu. Mvivu ni nani hapo?

Anza usiku wa leo. Kila baada ya siku mbili, rudisha saa yake ya kulala nyuma kwa robo saa. Ndani ya wiki 2 utakuwa umerudisha zaidi ya saa moja na nusu, bila fimbo na bila machozi.

Mbio tatu za usiku

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo zito kuliko yote. Samweli anasikia jina lake usiku. Hajui anayeita ni nani. Anafanya nini? Anakimbia kwa mtu mzima! "Sikukuita," anasema Eli, "rudi ukalale." Anaitwa tena, anakimbia tena. Anaitwa mara ya tatu, anakimbia mara ya tatu.

Eli alikuwa mzee, macho yamefifia, ameamshwa mara tatu usiku mmoja. Alikuwa na makosa yake, tena makubwa. Aliwaachia wanawe Hofni na Finehasi wakaharibu nyumba ya Mungu. Lakini usiku ule alifanya neno moja jema. Hakumfokea mtoto. Na kwa sababu hakumfokea mara ya kwanza, mtoto alirudi mara ya pili. Na kwa sababu alirudi mara ya tatu, Eli alitambua kwamba ni Mungu, akamfundisha la kujibu.

Nyumbani kwako, mtoto akija na hofu yake mara ya tatu, anakuta nini?

Tena mara nyingine sisi wenyewe ndio tunaoitengeneza hofu hiyo. "Ngoja shule zifunguliwe, utamkoma mwalimu!" "Ukifika la kwanza utanyooka!" Tunasema tukicheka, mtoto anasikia hukumu. Mwezi mzima umemtangazia jela. Januari unashangaa analia getini ameng'ang'ania kanga yako. Ulitaka aingie jela akiimba? Acheni, wapendwa. Acheni leo! Msimfanye mwalimu kuwa fimbo ya nyumbani kwenu.

Badala yake muulize. Usimuulize mbele ya wageni, atasema haogopi. Muulize mkimenya viazi, mikono ikiwa na kazi. Utashangaa jinsi hofu zake zilivyo ndogo machoni pako na kubwa machoni pake. Anaogopa tundu la choo cha shule, asije akatumbukia. Anaogopa kuomba ruhusa. Hawezi kufungua kifungo cha kaptula na haja imembana. Anaogopa kwamba jioni hutakuja.

Hofu hizo nyingi dawa yake ni mazoezi ya nyumbani. Afungue kifungo mwenyewe, afunge mwenyewe. Ajisafishe, anawe mikono kwa sabuni. Asimame wima aseme kwa sauti, "Mwalimu, naomba kwenda chooni," nawe uwe mwalimu. Itembeeni njia ya shule siku ya kazi, magari yakiwepo. Msimame ukingoni, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na yeye ndiye akuambie ni salama kuvuka. Akariri kama wimbo jina lake kamili, jina lako, mtaa wenu na namba yako ya simu. Mwonyeshe mahali utakaposimama kumsubiri, na siku ya kwanza uwepo pale kabla ya kengele.

Na jambo hili msilionee haya. Mfundishe kwamba mwili wake ni wake. Mfundishe kwamba mtu mzima yeyote anayemwambia "usimwambie mama", huyo ndiye wa kuambiwa mama siku hiyo hiyo. Hata awe mwalimu. Hata awe dereva wa bodaboda anayemjua. Hata awe mjomba. Hata awe mchungaji! Mtoto anayejua kwamba nyumbani atasikilizwa mara ya tatu, huyo ana ngao.

Mtaniuliza, na akili je? Shule itamfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Ndizo hizo KKK. Wewe usimtese kwa alfabeti likizo nzima. Mpeleke sokoni ahesabu nyanya za kila fungu. Agawe sahani mezani, akukumbushe imepungua ngapi. Na jioni umsimulie hadithi mpaka mwisho, usimkatize kwa simu. Mtoto aliyezoea kuisubiri hadithi iishe ameshajifunza kukaa na kusikiliza, na mwalimu atamshukuru mama asiyemjua.

Mistari miwili kwenye sketi

"Mchungaji, haya yote yanataka pesa." Hapana. Sikiliza.

Dada yangu alivaa sketi moja ya shule miaka mitatu. Mama aliishona na pindo refu, na kila Januari alimsimamisha dada kwenye mlango wa jikoni, akalifumua pindo, akaliteremsha. Lilipokuwa pindo palibaki mstari wa bluu iliyokolea, ambako jua halikufika. Mwaka wa tatu ile sketi ilikuwa na mistari miwili. Dada aliionea haya mistari ile, wenzake walimcheka. Mama alimwambia, "Hiyo si aibu. Hapo ndipo ulipokuwa." Mama yangu hakuwa na pesa ya kitambaa, lakini hakuna Januari aliyoacha kumpima mtoto wake. Kupima hakuhitaji pesa.

Hata hivyo, tuzungumze pesa pia. Shule zetu za msingi za Serikali hazina ada, na tunamshukuru Mungu. Ada imeondoka, sare, daftari, viatu na uji vimebaki. Na sisi tunaipokea Krismasi kama watu wasiojua kwamba kuna Januari. Pilau ya watu arobaini, soda kreti mbili, kisha tunakopa pesa ya daftari. Kanzu ya Hana haikushonwa usiku wa kuamkia safari! Weka kibubu. Elfu moja kila Jumapili kuanzia Julai, ikifika Krismasi imetimia elfu 25. Mwaka huu umechelewa, basi punguza kreti moja.

Na ninyi akina baba, msiangalie dari! Maandiko yanasema Hana alipanda pamoja na mumewe. Elkana alikuwepo njiani. Baba asiyejua namba ya kiatu cha mwanawe ametoa pesa tu, bado hajamwandaa mtoto. Nawaambia haya mimi niliyefundishwa na beseni la maji.

Nimebakiza moja. Yuko mtoto asiye na Hana. Analelewa na bibi ambaye macho hayaoni tundu la sindano. Yuko binti mdogo anayebeba mtoto wa watu mgongoni, wakati wenzake wanajaribisha mabegi. Yuko mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa chumba cha nyuma. Mageti yatafunguliwa Januari na hakuna aliyewaza kumshonea, kana kwamba yeye hana kimo. Ana kimo! Ana kipimo chake, na Mungu anakijua. Nimesema namwona Hana akijifunza kimo cha mwanawe kwa kumtazama mtoto wa jirani. Nawe ukimtazama wa jirani, usiishie kumpita.

Kwa hiyo nimeshazungumza na yule fundi. Jumapili ijayo, baada ya ibada, atakaa chini ya mwembe wa kanisa na futi yake. Kila mwenye mtoto amlete. Kila anayemjua mtoto asiye na wa kumleta, amshike mkono amlete yeye. Wenye kitambaa walete kitambaa, wenye cherehani watoe usiku mmoja. Wote watapimwa mstari mmoja, hakuna atakayejua nani analipiwa na nani anajilipia. Na asithubutu mtu kumpiga picha mtoto akipokea sare!

Kanzu ya mwisho

Samweli alikua, akazeeka, akafa, akazikwa Rama, mji wa mama yake. Kisha Mfalme Sauli, usiku wa hofu yake, akamwendea yule mwanamke wa Endori aliyeita wafu, amwitie Samweli. Siwapeleki kwa mganga. Jambo lile Mungu alilikataza, na halikumsaidia Sauli. Nataka mtazame kitu kimoja tu. Sauli hakuona kwa macho yake. Alimuuliza mwanamke sura ya aliyemwona ikoje, akaambiwa ni mzee aliyejifunika joho. Basi, Sauli akajua ni Samweli. Kwa vazi! Na katika Kiebrania, neno la joho la mzee yule ni lile lile la kanzu ndogo ya Hana.

Mtoto aliyeshonewa kila mwaka kwa kipimo chake akawa mzee anayetambulika kwa vazi lake hata baada ya kufa. Hana hakuyaona hayo. Yeye alijua tu kwamba mwaka huu mikono imeongezeka kidogo.

Nendeni nyumbani. Kabla hujagusa mkoba wa pesa, mwite mtoto wako. Mwache asimame kwenye fremu ya mlango, visigino ukutani, kidevu sawa. Usiseme kitu kwanza. Mtazame tangu nywele mpaka kucha, kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, mpaka acheke akuulize kuna nini.

Mwambie, "Nakupima."

Tuombe. Bwana, uliyetujua tukiwa tumboni mwa mama zetu, tupe macho ya Hana kwa watoto uliotukopesha. Utusamehe viatu tulivyonunua kwa kukisia, na maneno tuliyotisha nayo. Waamshe Januari bila hofu, uwavushe barabara, uwarudishe jioni. Na siku tutakapofumua pindo, utujalie tuone walipokuwa. Amina.